Uliza Daktari: Damu ya kutengenezwa iko wapi, mbona bado twaambiwa tulete ndugu?

SWALI: Daktari, salaam aleikum. Kakangu ni mtu wa boda huku Likoni, aligongwa na pikapu akavunjika paja, tukamvusha na feri usiku mpaka hospitali moja kisiwani. Kufika pale twaambiwa damu ya grupu yake hakuna kwa fireji, leteni watu watatu waje watoe. Saa nane za usiku mie nitoe wapi watu watatu? Tulihangaika mpaka alfajiri, alhamdulillahi yuko hai. Sasa kuna kijana hapa baraza ya kahawa katuonyesha video kwa simu, ati Wajapani washatengeneza damu ya rangi ya zambarau, haina grupu, awekewa mtu yeyote. Kama ipo mbona hatuletewi? Ama ni ya matajiri pekee?
Msomaji, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam, pole sana ndugu yangu, na mpe pole kakako. Paja likivunjika mtu aweza kupoteza lita nzima ya damu na zaidi, yote yamwagikia ndani, nje huoni hata tone, kwa hivyo ile haraka mliyoiona haikuwa ya bure. Na hao watu watatu, mara nyingi damu wanayotoa siyo anayowekewa mgonjwa wenu usiku uleule, juu lazima ipimwe kwanza ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Yenu yajaza pengo ya ile iliyotoka. Wangewaelezea hivyo mapema msingehangaika na hasira juu.

Sasa video. Si uongo, ila imekatwa pahali pazuri. Kuna mtafiti Hiromi Sakai wa Chuo Kikuu cha Tiba cha Nara, Japani, yeye na wenzake wamefanya kazi hii miaka na miaka. Wanachukua himoglobini, ile protini yenye chuma inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu wake, wanaifunika kwa utando wa mafuta, kijifuko kidogo mno kuliko chembe nyekundu ya damu yenyewe. Grupu haipo kwa sababu grupu iko kwenye ganda la chembe na ganda lishatolewa. Mpaka hapo kijana wenu kasema kweli. Ambacho video haikusema ni himoglobini hiyo watoa wapi: wanaitoa kwa damu ya watu waliojitolea, ile iliyopitwa na tarehe ikawa ya kumwagwa! Yaani hata hiyo zambarau, lazima kwanza kuna mtu alinyoosha mkono akadungwa sindano. Tena bado iko kwenye majaribio, hata huko kwao mtu haingii hospitali akaagiza.

Hamu hii si ya jana. Mwaka 1957 kijana mmoja mwanafunzi, Thomas Chang, wa Chuo Kikuu cha McGill huko Kanada, alikigeuza chumba chake cha bweni maabara, akachukua kichupa cha kupulizia marashi (eti sisi watu wa Mombasa twavijua hivyo vichupa kuliko yeyote, na hatujawahi kufikiria kutengenezea damu) akatengeneza vifuko vidogo vya kubeba himoglobini. Chembe ya kutengenezwa ya kwanza hiyo. Sasa wajiuliza, kutoka 1957 hadi leo wamekwama wapi?

Wamekwama kwa himoglobini yenyewe. Ikiwa ndani ya chembe ina adabu zake, ikitoka nje ni balaa. Kwanza yavunjika vipande, vipande vyaenda kuumiza figo. Hilo walilitatua, wakaifunga kwa kemikali isivunjike. Likaja la pili na hili ndilo limewatesa kabisa: ukuta wa mshipa wa damu hutoa gesi kidogo iitwayo nitriki oksaidi, na gesi hiyo ndiyo yaulegeza mshipa, sasa himoglobini iliyo uchi yaifyonza gesi yote, mshipa wakaza, presha yapanda, moyo wataabika. Kampuni ya Baxter ya Marekani ilikuwa na dawa yake HemAssist, wakaijaribu kwa majeruhi, mwaka 1998 wakasimamisha manake waliopewa walikuwa wanakufa zaidi kuliko waliopewa maji ya chumvi ya kawaida. Northfield nao wakaja na PolyHeme, wakaipeleka mpaka kwenye ambulensi, majeruhi wawekewa bila kuulizwa ridhaa kwa hoja kwamba mtu hajitambui na hali ni ya dharura. Zikazuka kelele kubwa, na kwa maoni yangu zilistahili kuzuka, kwa sababu hata baada ya kufika hospitali ambako damu halisi ipo waliendelea kuwekewa ileile. Kampuni ikafungwa 2009. Mwaka mmoja kabla ya hapo wataalamu walikuwa wamekusanya majaribio 16 ya dawa tano za aina hii wakayapiga hesabu pamoja, wakaona hatari ya kufa na ya shambulio la moyo imepanda.

Uingereza nao Novemba 2022 walitangaza kuwa wameotesha chembe nyekundu maabara kutoka seli za watu waliojitolea damu (hao tena!) wakawawekea watu, kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya chai. Kakako alihitaji pakiti, na pakiti moja ni karibu mililita 450.

Kwa hivyo si siri ya matajiri. Tajiri akigongwa leo New York huwekewa damu ya binadamu mwenzake, sawa na kakako.

SWALI: Daktari nimesikia kuna damu ya ng'ombe watu wawekewa, ni kweli? Na je ni halali?
Mzee wa Old Town

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Ni kweli, yaitwa Hemopure, na iliidhinishwa hapahapa Afrika, nchi ya Afrika Kusini mwaka 2001. Si damu nzima ya ng'ombe, ni himoglobini yake imesafishwa sana, yakaa hadi miaka mitatu bila fireji, wakati damu ya mtu hata kwenye fireji haizidi wiki sita. Sehemu nyingine hupewa kwa ruhusa maalum watu waliokataa damu kwa ajili ya imani, kama Mashahidi wa Yehova, ama ambao damu inayowafaa haipatikani kabisa. Shida za presha nilizozitaja juu nayo inazo. Halali au la, hapo mzee wangu muulize sheikh, mie nisije nikatoa fatwa gazetini.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Bamburi ila kwetu ni Kilifi. Huko nyumbani watu wasema wale watafiti wanachukua damu za watoto wetu wanaenda kuuza, na eti chanjo ya malaria ni kisingizio. Mamangu kakataa mjukuu asiguswe. Nimwambie nini?
Mama wa Bamburi

JIBU: Mamangu, usimcheke bibi. Mtu akija na sindano kwa mtoto wako una haki ya kuuliza mpaka uchoke, na ukikataa mtoto anatibiwa vilevile. Wanayoichukua kupima huwa ni kidogo tu, kijiko ama viwili vya chai, haifai kuwekewa mtu na haina soko. Lakini maneno yangu hayatamtosha, mweleze kazi iliyotoka pale.

Kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI-Wellcome kiko Kilifi tangu 1989. Profesa Kathryn Maitland, mtafiti wa watoto mahututi aliyeweka kambi hapo Kilifi, aliongoza jaribio la FEAST, Kenya, Uganda na Tanzania, watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mwili kuzimika. Dunia nzima ilikuwa inaamini mtoto kama huyo apigwe dripu ya haraka. Matokeo ya 2011 yakawashangaza wote: ndani ya saa 48, kila watoto mia waliopigwa dripu ya haraka walikufa 10 hadi 11, ambao hawakupigwa walikufa 7. Jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake. (Mtoto wa kuhara hakuwemo, huyo maji anayahitaji, tafadhali usikatae dripu kwa sababu umenisoma.)

Baadaye akaenda kwa damu yenyewe, Uganda na Malawi, jaribio la TRACT, likatoka 2019. Walitaka kujua mtoto aliyeishiwa damu awekewe kiasi gani. Ikaonekana yategemea homa: asiye na homa afaidika na kipimo kikubwa, mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, mwenye homa afadhali 20. Angalia hiyo, kipimajoto cha kwapani ndicho chaamua pakiti igawanywe vipi, na kwa wodi yenye pakiti mbili na watoto wanne hilo ni jambo kubwa kuliko zambarau yote ya Japani.

Na chanjo? Kijidudu cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu, kikazaana humo, kikaipasua, kikaenda kwa nyingine. Ndiyo mtoto waona viganja na ulimi umekuwa mweupe. Chanjo ya RTS,S ilijaribiwa Afrika, Kilifi ikiwemo, na kati ya watoto waliochanjwa haja ya kuongezewa damu ilipungua kwa asilimia 29. Hiyo ndiyo damu ya kutengenezwa tuliyo nayo mkononi, ukiniuliza mie. Kenya iliianza Septemba 2019 Homa Bay, upande wa ziwa ambako malaria ni kali zaidi. Ya pili, R21, ya kikosi cha Adrian Hill wa Oxford, nayo ilijaribiwa Kilifi na Bagamoyo kwa jirani, mwaka wa kwanza ikapunguza malaria kwa asilimia 68 katika vituo vitatu ambako watoto walichanjwa bila kungoja msimu wa malaria, hivyo viwili vikiwemo. Kwa hivyo mjukuu hata akichanjwa, neti haitoki kitandani.

SWALI: Nina miaka 19, kilo 48, nataka kutoa damu. Naruhusiwa?
Binti, Kisauni

JIBU: Miaka yako iko sawa, Kenya ni kuanzia 16 hadi 65, lakini kilo bado, lazima zifike 50. Usianze kunywa maji kwa fujo kabla ya kupanda mizani, watu hufanya hivyo halafu wanaanguka hapohapo kwenye kiti. Kula vizuri, urudi zikitimia, na ukishaanza mwanamke hutoa kila baada ya miezi minne, mwanamume mitatu. Kwa sasa wapeleke kaka zako kwa kituo cha damu pale Makadara, tena wapeleke shule zikifungwa, juu watoaji wengi ni wanafunzi na wakienda likizo fireji hubaki tupu.