Napster ilizimwa, mbona torenti hazizimiki?

SWALI: Nimesoma kwamba Napster ilizimwa kwa amri ya mahakama. Torenti nazo ni watu kugawana mafaili, mbona zinaendelea? Na mbona faili ninalopakua limeganda kwenye asilimia 99 kwa siku kadhaa?

JIBU: Wote hao wanagawana mafaili, ndiyo, ila uliza orodha ya nani ana nini inakaa wapi. Hapo ndipo penye tofauti.

Shawn Fanning alipoitoa Napster mwaka 1999, nyimbo zilikuwa kwenye kompyuta za watumiaji lakini orodha ilikuwa kwenye seva za kampuni. Ukitafuta wimbo, seva inakuonyesha walio nao, kisha kompyuta yako inauvuta moja kwa moja kwa mmoja wao. Akikata intaneti katikati, imekula kwako. Utafutaji ulikuwa wa haraka, lakini mwenye orodha alijulikana. Kampuni za muziki ziliishtaki Napster Desemba 1999, mahakama ya rufaa ya Marekani ikawaunga mkono Februari 2001, na Julai mwaka huo huduma ikasimama. Watu walibaki na programu isiyo na wa kumuuliza.

Gnutella, iliyotolewa na Justin Frankel na Tom Pepper Machi 2000, iliondoa seva kabisa: unamuuliza jirani, naye anawauliza wake, kwa kawaida mpaka hatua saba. Kampuni ya intaneti ya AOL, waliokuwa waajiri wao, waliiondoa mtandaoni baada ya siku moja, lakini ilikuwa imeshasambaa. Tatizo lilikuwa kwamba maswali yenyewe yaliziba njia, hasa kwa wenye modemu za simu. Kazaa, programu nyingine ya kugawana mafaili, ikapunguza msongamano kwa kuzikabidhi orodha kompyuta zenye nguvu zaidi.

Mwaka 2001 Bram Cohen akaja na BitTorrent, ndizo hizo torenti zako, na uamuzi wake wa busara kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kuachana na utafutaji. Kutafuta utajua mwenyewe. Kazi ya programu ni kusambaza faili moja vizuri. Faili linakatwa vipande, kila kimoja kina alama yake ya SHA-1 (namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo) ya kukihakiki, na unayepakua unawapa wengine vipande ulivyokwisha pata. Mwanzoni bado kulikuwa na seva ya kuwakutanisha wanaogawana faili hilo. Kuanzia 2005 hata hiyo si lazima: orodha imegawanywa kati ya watumiaji wenyewe, kwa mbinu ya Kademlia iliyochapishwa 2002. Kila kompyuta inashika sehemu ndogo, na ikiondoka nyingine zinayo. Hakuna seva moja ya kuzima.

Hiyo haina maana kwamba sheria imeshindwa. Katika kesi ya Grokster, kampuni iliyosambaza programu ya kugawana mafaili, mwaka 2005, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema anayesambaza programu huku akihamasisha watu wakiuke hakimiliki anawajibika, hata kama orodha haiko kwake. LimeWire, programu iliyotumia Gnutella, ilifungwa 2010. Nawe unapopakua torenti, anwani yako ya IP inaonekana na wote mnaogawana nao.

Sasa hiyo asilimia 99. Kwa kawaida programu huanza na vipande adimu, ili visambae kabla mwenye faili zima hajaondoka. Ukiganda mwishoni, mara nyingi aliondoka mapema mno, na nyote mliobaki mnakosa kipande kilekile. Tazama namba ya upatikanaji (availability) kwenye maelezo ya torenti. Ikiwa chini ya 1, tuseme 0.99, faili halijakamilika hata mkijumlisha vipande vyenu wote mliounganishwa. Hapo ni kusubiri mwenye nalo arudi, au kutafuta torenti nyingine. Ikiwa 1 au zaidi na bado halisogei, angalia kwanza kama diski imejaa. Kama ina nafasi, iagize programu ikague faili upya: vipande visivyolingana na alama zake itavikataa na kuvivuta tena.