Barua kwa mwanangu: yale mafunzo yalinipa nini

Mwanangu mpendwa,

Juzi uliniuliza, "Mama, kama dawa unameza kila siku, yale mafunzo ya wagonjwa yalikuongezea nini?" Nilikujibu harakaharaka, na jibu langu halikuniridhisha.

Unaukumbuka usiku ule uliponikuta jikoni saa tisa, nimesimama juu ya stuli napaka rangi ukuta huku naimba? Ulikuwa na miaka 11, ukadhani mama ana furaha. Nami nilidhani hivyo hivyo. Nilikuwa na siku ya nne nalala kwa muda wa saa mbili tu, na uchovu sikuuona. Lithiamu, ile dawa yangu ya kutuliza hisia, nilikuwa nimeiacha kwa kuwa nilijiona mzima. Miaka 6 tangu niambiwe nina baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, nilikuwa nikiimeza kama dawa ya homa: homa ikishuka, basi. Kwamba inamezwa hata siku za uzima, ili uzima wenyewe udumu, hakuna aliyekaa kitako akanieleza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwenye mafunzo muuguzi alitugawia karatasi, akasema tuandike kitu cha kwanza kinachobadilika kabla hatujaugua. Nilishika kalamu muda mrefu. Mwisho nikaandika "usingizi", nikaufuta, nikaandika "siuhitaji usingizi". Maana kuna kuutafuta usingizi usiupate, na kuna kutoutaka kabisa ukaamka una nguvu kuliko jana. Hii ya pili ndiyo yangu. Jirani yangu aliandika kwamba yeye huanza kukopa. Kila mtu na mlango wake.

Nilijifunza pia kwa nini napimwa damu. Kiwango cha lithiamu kinachotibu kiko karibu sana na kile kinachodhuru. Kutapika, kuhara, kupunguza chumvi ghafla, hata ibuprofeni ya maumivu ya mgongo, vyaweza kukipandisha. Figo na tezi ya shingo nazo huangaliwa. Zamani ile sindano niliiona usumbufu mtupu.

Muuguzi alitusimulia kwamba huko Barcelona watu 120 wenye baipola walifuatiliwa, matokeo yakatolewa mwaka 2003. Wote walikuwa kwenye matibabu yao ya kawaida. Nusu wakaongezewa vipindi 21 vya mafunzo, na hao wakarudiwa na ugonjwa mara chache kuliko wenzao. Mara chache, mwanangu, si kwamba walipona. Mimi mwenyewe nimeugua mara 2 tangu mafunzo yale. Ila mara ya pili nilimpigia daktari usiku wa tatu, kabla sijagusa brashi.

Zamani ukiniambia, "Mama, unaongea haraka," nilikufokea. Leo maneno hayo nimeyaandika kwenye daftari langu la usingizi, kwenye orodha ya dalili, na jina lako pembeni. Daftari liko droo ya juu. Ukiona nimelala kwa muda usiofika saa tano siku mbili mfululizo, mpigie daktari. Usiningoje nikubali, hata nikikasirika.

Mama yako