Baiskeli ya kawaida naiweza, mbona ya tairi moja inanitupa nyuma?

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Mimi niko Morogoro, nina miaka 41, baiskeli naendesha tangu utoto na jumapili huwa natoka na wenzangu tunapiga kilomita 60 mpaka 80. Nimenunua ya tairi moja, ya mtumba, inchi 24. Nimeshika ukuta wa nyumba wiki kadhaa sasa, nikiachia tu tairi linachomoka mbele mi nabaki nyuma. Mapaja yanawaka moto baada ya dakika chache tu, na mi mtu wa milima! Alafu pedeli ya kushoto inalegea kila siku, nakaza inalegea. Je ni umri? Au nitafute yenye tairi dogo? Na nitaweza kwenda nayo kazini siku moja?

JIBU: Nzuri kaka. Kabla hujaipanda tena chukua spana namba 15 tuanze na hiyo pedeli, maana hapo ndo pana hatari, hayo mengine yanasubiri.

Pedeli ya kushoto kulegea kila siku mara nyingi siyo ubovu wa pedeli wala siyo kwamba hukazi vizuri, ni kwamba unaikalia baiskeli kinyume. Pedeli ya kulia thredi yake inakazwa kama skrubu yoyote, ya kushoto inakazwa kwa kuzungushia upande wa pili, na zimetengenezwa hivyo makusudi ili unapokanyaga kwenda mbele zisijifungue zenyewe. Baiskeli yako ya barabarani huwezi kuikalia kinyume, ina hendo, ina cheni, ina kila kitu cha kukuonyesha mbele ni wapi. Hii ya tairi moja foki yake, ile fremu inayoshika tairi, mara nyingi inafanana mbele na nyuma, kwahiyo aliyekuuzia akirudisha siti kinyume hakuna anayegundua, unaendesha tu huku kila mzunguko unafungua pedeli zako mwenyewe, leo ya kushoto na ya kulia itafuata. Angalia mwisho wa ekseli ya pedeli au kwenye kranki yenyewe, ule mkono wa chuma unaoshika pedeli, kuna herufi L na R. Kaa juu yake, L lazima iwe mguu wa kushoto. Kama iko kulia legeza klampu ya siti, geuza siti nusu duara, kaza, umemaliza, hujatoa hata shilingi. Kama L iko kushoto kweli na bado inalegea basi thredi za kranki zimeshaliwa, hapo ni kubadilisha kranki, usijaribu kuziba na karatasi ya nailoni kama mafundi wengine wanavyofanya.

Ukiwa bado na spana mkononi kaza na nati za kranki pande zote mbili. Kranki nyingi za mtumba zina tundu la pembe nne, ukiendesha ikiwa imelegea hata siku moja tundu linaliwa na haliponi tena, kwahiyo ukisikia inalia tik tik kila mzunguko shuka hapohapo. Alafu pale foki inapokamata beringi kuna bolti mbili kila upande, hizo kaza kwa upole, zishike tu zisitingishike. Watu wanazibana kama nati za gari, beringi zinabanwa, tairi linakuwa zito, mtu anadhani ni yeye hana nguvu. Inyanyue uzungushe kwa mkono, inatakiwa izunguke yenyewe muda mrefu bila kukwama.

Haya, sasa kutupwa nyuma.

Baiskeli ya kawaida inakulinda mbele na nyuma, una tairi mbili, huwezi kuanguka kuelekea hendo bila kufunga breki ya mbele kwa nguvu. Kazi yako miaka yote imekuwa ni kutokuanguka pembeni tu, na hata hiyo unaifanya bila kujua, ukiinama kulia usukani unakwenda kulia kidogo, tairi zinarudi chini yako. Hii habari ya pembeni unaijua tayari na kwenye tairi moja inafanya kazi vilevile, tofauti unageuza kwa kiuno na nyonga badala ya mikono, ndomana waendesha baiskeli wakishapata mizunguko michache ya kwanza wanaenda mbio kuliko mtu ambaye hajawahi kupanda chochote. Usiihangaikie sana. Kipya kwako ni mbele na nyuma, na hapo ndipo baiskeli ya kawaida haikukufundisha kitu.

Simamisha fagio la mpini mrefu kwenye kiganja. Likianza kulala mbele, unapeleka mkono mbele ulifuate. Wewe ndo fagio, tairi ndo mkono. Sasa soma tena ulichoniandikia, nikiachia tu tairi linachomoka mbele. Maana yake unapeleka mkono kabla fagio halijalala! Umekaa ukutani, mwili uko wima au umebaki nyuma kidogo, unaachia, unakanyaga kwa nguvu, tairi linaondoka, wewe ulikuwa hujaondoka. Mpangilio ni mwili kwanza mguu baadaye. Unaachia mwili mzima uanze kwenda mbele, kidogo tu, mpaka unahisi sasa naanguka kwa mbele, alafu ndo miguu inaleta tairi chini yako. Kuendesha tairi moja ni huko kuanguka mbele kunakodakwa kila sekunde, na hiyo hisia ya naanguka inabidi uikubali maana bila hiyo hakuna safari.

Na nikisema mwili mzima namaanisha mzima. Nyie watu wa baiskeli za mbio mkiambiwa mwende mbele mnakunja kiuno, kifua kinashuka kutafuta hendo ambayo haipo, na kifua kikishuka makalio yanarudi nyuma, mwisho wa hesabu uzito umebaki palepale au umerudi nyuma zaidi. Kifua juu, macho yaangalie kitu cha mbali usawa wa uso wako, bega nyonga na ekseli ya tairi viwe kwenye mstari mmoja, alafu huo mstari wote ndo uinamishe. Ukiangalia tairi umeshakunja shingo na mgongo unafuata.

Mapaja kuwaka moto ndo dalili ninayoipenda kwenye barua yako kwa sababu inaniambia kosa liko wapi bila mimi kukuona. Tairi moja haina friwili, ile inayoruhusu tairi kuzunguka bila pedeli, kranki zimefungwa moja kwa moja kwenye habu, yani kitovu cha tairi, tairi likizunguka pedeli zinazunguka. Sasa ukiwa na wasiwasi unasimama kwenye pedeli zote mbili kwa wakati mmoja, mguu wa mbele unasukuma kwenda mbele, wa nyuma nao umekandamiza unazuia, yani mapaja yako yanapigana yenyewe kwa yenyewe na hakuna hata senti ya hiyo nguvu inayokusogeza, hapo hata uwe umepanda Uluguru mara ngapi yatawaka tu. Dawa ni kukaa. Uzito wote uwe kwenye siti, kaa kwa makalio yote, miguu iwe miepesi juu ya pedeli kama inasindikiza tu. Mi wanafunzi wangu nawaambia neno moja tu muda wote, kaa, kaa, kaa, na wengi wanaochelewa kujua wanachelewa kwa hilo moja.

Siti nayo itakuwa chini. Karibu kila anayejifunza anaishusha ili miguu ifike ardhini haraka, naelewa ni woga, lakini goti likikunjika sana huwezi kukaa hata ukitaka. Weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unatakiwa unyooke, ukihamia kukanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo goti litabaki na mkunjo kidogo. Hapo ndo kimo chako.

Sasa mazoezi yenyewe. Tafuta sakafu ya simenti ngumu, uwanja wa basketi unafaa sana, achana na nyasi. Watu wanakimbilia nyasi kwa kuogopa kuumia na nyasi zinalifanya tairi lisizunguke wala lisigeuke kirahisi. Upepo jaza wa kutosha kufuata namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, tairi laini linang'ang'ania chini ukitaka kugeuka. Weka kipande cha ubao nyuma ya tairi lisirudi, pedeli moja iwe upande wako na chini kidogo, kalia siti kwanza, kanyaga hiyo pedeli taratibu huku umeshika kitu, panda. Ukishakuwa juu pedeli ziwe zimelala usawa, moja mbele moja nyuma. Hapo ndo una nguvu ya kuendesha na kufunga breki. Pedeli zikiwa moja juu kabisa na nyingine chini kabisa huna uwezo wowote, hata ukanyage vipi tairi halikusikii, na ndipo wanaoanza wanaposimama wakashangaa wameanguka. Kwahiyo anza na nusu mzunguko, kutoka usawa mpaka usawa, simama umeshika ukuta, nusu nyingine, simama. Ukizoea ile sehemu mbaya ya katikati haikutishi tena unaunganisha mizunguko.

Alafu uache ukuta mapema. Wiki kadhaa ukutani zinatosha na zimezidi, ukuta unakufundisha kuegemea upande mmoja na ukiutoa mwili unaendelea kuutafuta. Upe mgongo ukuta, uondoke kwenda uwanjani, hata kama ni mzunguko mmoja na nusu alafu umeshuka. Rudi, ondoka tena. Lengo la siku liwe mzunguko mmoja zaidi ya jana. Kama una mtu wa kukusaidia atembee pembeni, wewe uweke kiganja juu ya mkono wake, yeye asikushike, akikushika anakubeba na hujifunzi kitu.

Dakika 20 au 30 kwa siku zinatosha. Ukichoka unaanza kukanyaga kwa hasira na makosa yote niliyotaja hapo juu yanarudi pamoja. Utalala, kesho utashangaa kitu kilichokataa jana kimekubali, ndivyo mwili unavyojifunza vitu vya mizani. Watu wazima wengi wanahitaji masaa 10 mpaka 20 kwa jumla kabla ya kwenda umbali wa maana bila kushika kitu, kwahiyo hapana, siyo umri. Japani watoto wa shule za msingi wanaziendesha uwanjani wakati wa mapumziko, kinachowatofautisha na wewe zaidi ni kwamba hawaogopi kushuka vibaya na hawana kazi ya kwenda kesho asubuhi.

Kuanguka kwenyewe mara nyingi utatua kwa miguu, na kutua mbele ni salama kuliko nyuma, sababu nyingine ya kuegemea mbele. Ukishuka mbele peleka mkono nyuma udake siti. Helmeti vaa, kinga za viganja vaa, na zile kinga za ugoko za mpira wa miguu vaa pia kwa sababu pedeli ikirudi inagonga pale penye mfupa mtupu. Pedeli za plastiki ni bora kuliko za chuma zenye meno. Kamba za viatu zichomeke ndani. Na tafadhali sana, vile viatu vyako vya baiskeli vinavyonasa kwenye pedeli usithubutu, hapa usalama wako wote ni mguu kutoka kwenye pedeli muda wowote. Kaptula yenye pedi hiyo vaa kwa raha, utaishukuru.

Tairi dogo? Inchi 20 ni rahisi kidogo kujifunzia, ukipata ya kuazima azima. Lakini usiuze yako. Angalia ndani ya kranki kuna namba, ni urefu wake kwa milimita, kama ni 150 uko vizuri kabisa, kranki ndefu inakupa nguvu ya kulitawala tairi, kama ni 125 itakuwa nyepesi kuzunguka ila itataka uvumilivu zaidi mwanzoni. Siyo sababu ya kutumia hela sasa.

Kuhusu kazini, fanya hesabu. Tairi la inchi 24 linakwenda chini kidogo ya mita 2 kwa kila mzunguko wa pedeli, baiskeli yako ya barabarani kwenye gia ya kati inazidi mita 6. Ukizungusha mara 80 kwa dakika, ambayo siyo mchezo, unapata kama kilomita 9 kwa saa. Kwa kilomita mbili tatu inatosha, zaidi ya hapo watu wanahamia inchi 29 au 36. Yule kijana Muingereza Ed Pratt aliyezunguka dunia kati ya 2015 na 2018 alikuwa kwenye inchi 36. Ila nisikilize vizuri kwenye hili, yako haina breki, breki ni miguu yako kurudisha nyuma nguvu ya pedeli, kwahiyo usiiingize barabarani na bodaboda mpaka uweze vitu vitatu bila kufikiria, kusimama pale ulipopanga, kugeuka kulia na kushoto sawasawa (karibu kila mtu ana upande mmoja mgumu, fanyia mazoezi huo), na kupanda katikati ya uwanja bila ukuta. Hiyo ya kupanda ndo ya mwisho kuja, ukishafika mita 50 bila kushuka niandikie tena uniambie mguu gani unauanza nikuelekeze.