Shaba ya mashine ya CHN: nunua chupa ndogo, iweke mbali na asidi

Watu wa maabara huku Kisumu na Nakuru wakinipigia kuhusu mashine ya CHN (ile inachoma sampuli na kupima kaboni, haidrojeni na naitrojeni yake) wanaanzanga na bei ya heliamu, gesi inayosukuma moshi wa sampuli ndani ya mashine, na ni kweli heliamu inauma, lakini shaba ndio inakulia bajeti polepole na hakuna anayeiangalia. Kazi yake kwenye tyubu ya moto wa kama nyuzi 650 ni kunasa oksijeni iliyobaki baada ya sampuli kuungua, na kugeuza oksaidi za naitrojeni ziwe naitrojeni tupu. Ikichoka, oksijeni inapenya hadi kwa ditekta na inahesabiwa kama naitrojeni, na kwa vile protini hukokotolewa kutoka kwa naitrojeni, ya unga wa omena inapanda yenyewe, mteja anafurahi, na wewe ndio utaitwa kueleza.

Kwa LPO (oda ya manunuzi) usiandike tu "shaba" halafu uwaachie watu wa manunuzi, watakuletea ya bei ya chini na hawana makosa, hukuwaambia. Andika ni vipande vya waya, urefu na unene wake (4 kwa 0.5 mm ni saizi ya kawaida), isiyo na oksaidi, ije na cheti cha loti. Unga laini unaziba tyubu. Na waya wa kebo uliochunwa kwa fundi wa stima, hata uking'aa aje, una mafuta na mabaki ya plastiki, hiyo ni kaboni unajiongezea.

Si lazima ununue kwa waliouza mashine. Mimi natumia ya wengine bila shida, bora loti mpya ipimwe kwanza: blanki kadhaa (vipimo bila sampuli), halafu asetanilaidi, kemikali ya kulinganishia ambayo naitrojeni yake inajulikana ni asilimia 10.36, na blanki zikikataa kushuka usianze sampuli za mtu.

Agiza mara moja kwa sababu ya usafiri na kodi, lakini sisitiza chupa ndogo ndogo za glasi, kila moja ijaze tyubu moja ama mbili. Zinazidi bei kidogo, sawa, lakini chupa kubwa ikifunguliwa kila mara, na huu unyevu wa ziwa, hasa masika, shaba ya chini inafika zamu yake ishafifia. Iliyofunguliwa naifunga kwa parafilimu naiweka kwa desiketa (chombo cha kuzuia unyevu) yenye silika jeli, na silika nayo ikigeuka rangi irudishe kwa oveni, sio kuiacha hapo kama pambo.

Kitu kimoja watu hupuuza ni chumba. Maabara nyingi zetu bado zina Kjeldahl, ile njia ya zamani ya kupima naitrojeni kwa asidi, na chumba cha kudistili kinanuka amonia, kando kuna kabati ya asidi ya haidrokloriki, na hapo hapo ndio stoo. Amonia na mvuke wa asidi zote zinakula shaba, utaona waya una ukungu wa kijani ama bluu kwenye ncha pale ulipokatwa, na hiyo usiitie kwa tyubu. Kufifia kidogo tu kuwa kahawia hakunitishi, natumia. Nyeusi, hapana.

Tena kabla ulalamike shaba inaisha haraka angalia dozi ya oksijeni ambayo mashine inatia kuchoma sampuli, maana inayobaki ndio shaba inanasa. Gramu 100 za shaba kwa hesabu ya karatasi zinabeba kama gramu 25 za oksijeni, kwa hivyo ukiwasha dozi ya sampuli kubwa kwa sampuli ndogo unaichoma bure. Na ikishageuka oksaidi inavimba, inaweza kupasua tyubu ya kwotsi, toa mapema, na usiifungue ikiwa moto, iache ipoe gesi ikipita. Kuna wanaoigeuza iwe shaba tena kwa kuipitishia haidrojeni. Inawezekana, lakini kwa maabara isiyo na vifaa vya kugundua uvujaji wa gesi hiyo mimi siwezi kumshauri mtu.

Iliyotumika weka kwa mkebe ulioandikwa jina, maana inafanana kabisa na oksaidi ya shaba mpya iliyo kwa rafu. Ukiiuza uza kwa mwenye leseni ya vyuma chakavu, sheria ya 2015 inataka hivyo, na risiti isafiri na mzigo, manake tangu ule msako wa 2022 wa waya za stima, ukibeba shaba kwa matatu bila karatasi utaulizwa maswali mpaka Ahero.