Mbuni (mti wa kahawa) ndani ya nyumba: miwili nimeshaiua, wa tatu ndo huu

Wa kwanza niliuua kwa jua. Nilijua tu kahawa ni zao la nchi za joto, basi nikauweka dirishani pale jua linapopiga mchana kutwa, wiki haikuisha majani yakababuka kama yamepitiwa na pasi. Wa pili niliuua kwa maji, huo nitausimulia huko chini.

Hakuna aliyeniambia kwamba arabika, aina ya kahawa ninayoizungumzia hapa, asili yake ni misitu ya nyanda za juu Ethiopia, kule inaota chini ya miti mikubwa, yani ni mmea wa kivulini kabisa. Joto linaloupendeza ni nyuzi 15 mpaka 24 hivi, likishuka chini ya 10 unaanza kuteseka. Huu wa sasa nimeuweka kama mita 1 kutoka dirishani na pazia jepesi katikati, mwanga unaupata ila jua lenyewe haliugusi, na majani yanang'aa utadhani yamepakwa mafuta.

Kuhusu mbegu, kahawa iliyokaangwa sahau, imeshakufa hiyo. Hata buni mbichi ikikaa miezi mingi uwezo wa kuota unapungua sana, mi nilishapanda punje 20 zilizokaa stoo nikamwagilia miezi 3 nzima, haikutoka hata moja, nikawa nalea udongo tu. Ukizipata mbichi kweli menya lile ganda la nje, loweka siku nzima, laza upande bapa chini kina cha sentimita 1 halafu subiri, miezi 2 ni kawaida kabisa. Zikichomoza zinasimama wima na punje kichwani kama askari kavaa kofia, na usije ukaivua hiyo kofia, mimi niliivuta moja ikaja na kichwa.

Ndo maana anayeanza namshauri anunue mche. Ila chungulia vizuri, mara nyingi chungu kimoja kinabananishwa miche hata 10 ili kionekane kimejaa. Wangu ulikuja hivyo hivyo, nikaitenganisha, mingine nikagawa.

Haya, maji. Mbuni ukiwa na kiu majani yote yanalala chini kama kuna msiba, ukiupa maji masaa machache tu umesimama. Tatizo ni kwamba mizizi ikioza majani yanalala VILE VILE. Mi huo wa pili niliuona umelala nikamwagilia, kesho yake bado umelala nikaongeza, mpaka nakuja kuung'oa mizizi myeusi na inanuka. Kwahiyo sasa kabla ya kumwagilia chochote natumbukiza kidole, juu pakikauka ndo namwagilia mpaka yatokee kwenye matundu ya chini, yaliyobaki kwenye kisahani namwaga.

Halafu unapenda udongo wenye asidi kidogo, pH 5 hadi 6 hivi. Maji ya bomba yenye chokaa nyingi yanaiharibu hiyo asidi taratibu, utaona majani machanga yanageuka njano huku mishipa imebaki kijani, hapo mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma. Mimi nakinga ya mvua. Na yale makapi ya kahawa uliyokunywa usiyarundike kwenye chungu, mi yalinifanyia ukungu na vijinzi nyumba nzima.

Ukiona vitu kama pamba kwenye makwapa ya majani hao ni vidung'ata, wafute na pamba yenye spiriti, rudia kila wiki. Kama una paka au mbwa anayetafuna majani weka juu asikofika, kafeini haiwafai.

Maua usitegemee kabla ya miaka 3 au 4. Ni meupe, yananukia kama asumini, na arabika inajichavusha yenyewe so mti mmoja unatosha, kisha matunda yanachukua miezi 7 hadi 9 kuiva. Ukipata buni ya vikombe viwili vitatu kwa mwaka jipongeze. Wangu una miaka 2, unanifika gotini, hata kitumba kimoja bado.