Vitafunio vya paka kwa dagaa wa Mwaloni

SWALI: Mhariri, paka wangu huila dagaa mbichi kila ninaporudi kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Je, ninaweza kumtengenezea vitafunio nyumbani badala ya kumpa hivyo hivyo?
Msomaji, Nyamanoro, Mwanza

JIBU: Unaweza, na ni afadhali ufanye hivyo, kwa kuwa baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1 mwilini mwa paka, nacho hupoteza nguvu samaki anapopikwa. Chukua kikombe kimoja cha dagaa wakavu, uwaoshe mara tatu au nne mpaka maji yasiache mchanga chini ya sufuria (walioanikwa ufukweni huwa na mchanga mwingi kuliko unavyodhani), kisha uwachemshe bila chumvi kwa dakika 10. Watwange, uchanganye na yai moja na vijiko viwili vya unga, utandaze kinyunga chembamba kwenye sufuria iliyopakwa mafuta kidogo, ufunike na kupalia makaa juu ya mfuniko. Kikikauka, kikate vipande vidogo kama punje za maharage.

Kitunguu maji na kitunguu saumu usitie hata chembe, maana huharibu chembechembe nyekundu za damu ya paka. Sukari nayo ni kazi bure, kwani paka hauonji utamu. Vipande vitatu kwa siku vinatosha. Chakula chake cha kawaida kibaki palepale.