Kura yangu ni kwa Amandina Lihamba, na sababu ni Malya

Wiki hii mmeuliza ni mwigizaji na mwongozaji gani amelifanyia makubwa jukwaa la mikoani. Mi namtaja Profesa Amandina Lihamba na wala sijafikiria mara mbili.

Najua wengi watasema ni kwa sababu ya tamthilia zake, maana Hawala ya Fedha aliitoa kwenye kisa cha Sembene Ousmane, yule mwandishi wa Senegal, na Harakati za Ukombozi waliandika watatu, yeye na Penina Muhando (ndo Profesa Mlama huyohuyo) na Ndyanao Balisidya. Wengine wanamjua kama Samehe kwenye filamu ya Maangamizi, yule mama asiyesema neno, na pale aliigiza haswa. Lakini hizo ni sifa za msanii mkubwa popote alipo, nyie mmeuliza habari za mikoani.

Mi naanzia Malya, kule Kwimba, mkoa wa Mwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 80 yeye na Mlama na Eberhard Chambulikazi walitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaenda kijijini bila mchezo mkononi, yaani hakuna skripti, hakuna waigizaji waliobebwa toka mjini. Ukumbuke ni enzi gani hiyo, baada ya Azimio la Arusha la 1967 sanaa nyingi za jukwaani na ngonjera zilikuwa za kuwaeleza wananchi sera, ujumbe unatoka juu unashuka chini, mwananchi kazi yake kukaa na kupiga makofi. Lihamba alikuwa anaijua hali hiyo vizuri maana hata shahada yake ya uzamivu (PhD) pale Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, aliifanyia utafiti juu ya siasa na sanaa za maonyesho baada ya Azimio.

Sasa kwenye sanaa shirikishi kama ile ya Malya mambo yanaenda kinyume. Mnakaa kwanza na watu, mnauliza kinachowasumbua ni nini, mnakichambua pamoja nao mpaka mzizi wake uonekane, halafu wao wenyewe ndo wanatunga igizo na kulicheza kwa ngoma na nyimbo zao. Na Usukumani hilo halikuhitaji kufundishwa na mtu, watu wana Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, toka enzi na enzi, wanajua kushindana kwa ngoma na kutungiana nyimbo za kuchomana mbele ya umati mzima. Onyesho likiisha hamjamaliza, hapo ndo mjadala unaanza, mzee anasimama anapinga, binti anajibu, kiongozi wa kijiji naye yupo palepale anasikia. Kwa mwigizaji aliyezoea kuangaliwa yeye, kukubali kusogea pembeni ili mkulima ashike jukwaa ni kazi ngumu kuliko kukariri kurasa mia, na mi kwa hilo namheshimu sana.

Halafu hakuishia kwa watu wazima. Mwaka 1996 yeye na Mlama wakaanzisha mradi wa Tuseme kwenye shule za sekondari, wasichana wanatumia maigizo kusema yanayowakwamisha shuleni, ikiwemo yale ambayo binti hawezi kumwambia mwalimu ana kwa ana. Baadaye FAWE, lile shirika la wanawake wa Afrika linaloshughulikia elimu ya wasichana, wakaipeleka mpaka nchi nyingine za Afrika.

Kinachoniuma ni jinsi njia hii inavyotumika siku hizi. Unakuta kikundi kimekodiwa na mradi, igizo limeandikwa mjini, wanafika asubuhi na spika, wanacheza, wanapiga picha za ripoti, jioni wameshaondoka, wanakijiji hawajaulizwa chochote halafu inaitwa sanaa shirikishi. Hiyo sio aliyoifanya Lihamba. Kilichokatwa ni zile siku za kukaa na watu mwanzoni, na kurudi baadaye kuangalia kama kuna kilichobadilika, na bila hivyo viwili linabaki tangazo tu lenye ngoma ndani yake.

Kwa hiyo kura yangu mumwandikie Lihamba, ila kama nafasi inaruhusu mumweke na Mlama ubavuni, maana kazi ya Malya na Tuseme walifanya pamoja na sidhani kama ni haki kumtaja mmoja mkamwacha mwenzake. Na mkipata nafasi ya kufanya mahojiano, muulizeni Lihamba vijana wanaosomea sanaa sasa hivi waanzie kijiji gani.